Picha za kifundo cha mkono: ligamenti, gegedu na mahali kipimo kinapoharibikia

Ligamenti inayofunga skafoidi na lunati, mifupa miwili midogo ya kifundo, ina unene wa milimita 2 hadi 3 pale ilipo nene kuliko kwingine kote. Gegedu inayofunika mifupa hiyo mara nyingi haifiki hata milimita 1. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka na eksirei safi, MRI safi, na bado akashindwa kujiinua kitini kwa kukandamiza kiganja. Lawama hupelekwa kwa mashine. Mimi naona kosa mara nyingi limeshatokea kabla mashine haijaanza kazi: mkono umelazwa vibaya, mikato imepangwa minene, au fomu imeandikwa "maumivu ya mkono" na basi, kwa hiyo hakuna aliyejua anatafuta nini na upande gani.

Kinachotafutwa

Mifupa midogo ya kifundo ni 8, katika safu mbili: ya kwanza jirani na kigasha, ya pili jirani na kiganja. Majeraha ya ligamenti yanayoacha madhara ya kudumu hukaa zaidi sehemu tatu.

Ya kwanza ni ligamenti ya skafoidi na lunati, kwa kifupi SL. Ukiitazama kwa ubavu imejikunja kama herufi C, na ina vipande vitatu: cha mgongoni mwa mkono, ambacho ndicho imara, cha upande wa kiganja, na utando mwembamba kati yao, upande wa kigasha, usiobeba mzigo mkubwa. Ya pili ni LT, kati ya lunati na mfupa jirani uitwao trikwetramu, na hapa mambo yamegeuka: kipande imara ni cha upande wa kiganja. Ya tatu ni TFCC, ule mkusanyiko wa pembetatu kati ya kichwa cha ulna, mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole kidogo, na mifupa ya kifundo. Ndani yake mna diski ya gegedu yenye nyuzi, ligamenti mbili zinazofunga radiasi, mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, na ulna (moja mgongoni, moja kiganjani), ligamenti zinazopanda kutoka ulna kwenda lunati na trikwetramu, na ala ya ECU, kano inayokunjua kifundo upande wa kidole kidogo, inayopita pembeni.

Vipande hivi havilingani kwa uzito. Tundu kwenye utando wa SL kwa mtu wa miaka 60 huenda lisiwe na maana yoyote. Kukatika kwa kipande cha mgongoni kwa kijana wa miaka 25 ni jambo la kuwahi, kwa sababu kushona kunakwenda vizuri zaidi ndani ya wiki 4 hadi 6 za mwanzo, kabla ncha hazijasinyaa na skafoidi haijazoea kuinama. Ripoti inayosema "SL imechanika" bila kutaja kipande haijamsaidia daktari wa upasuaji. Afadhali hata isingetumwa mpaka imalizike.

Eksirei: anza hapa, na uifanye sawasawa

Watu huiruka eksirei kwa hoja kwamba haionyeshi ligamenti. Ni kweli. Lakini inaonyesha mifupa imekwenda wapi baada ya ligamenti kushindwa, na kuna vipimo ambavyo MRI huvichukua vibaya kuliko eksirei, kama nitakavyoeleza mbele.

Picha ya mbele hupigwa mgonjwa akiwa ameketi, bega limeinuliwa pembeni digrii 90, kiwiko kimekunjwa digrii 90, kiganja kimelala kwenye sahani ya kupokea picha na mfupa wa kidole cha kati umefuatana na mstari wa radiasi. Bega likiachwa chini, kigasha hujizungusha chenyewe na urefu wa ulna unaonekana tofauti na ulivyo. Mkao ukiwa sawa, kijichomozo cha ulna (stiloidi) kinakaa ukingoni kabisa, hakijalalia katikati ya kichwa cha ulna. Kikilalia, rudia picha kabla mgonjwa hajaondoka. Usipime urefu wa ulna kwenye picha kama hiyo.

Picha ya ubavu ndiyo inayoharibika zaidi, na ndiyo inayobeba vipimo vya pembe. Jicho liende kwanza kwenye pisifomu, kijifupa cha kifundo kilicho upande wa kiganja: ukingo wake wa upande wa kiganja uangukie katikati, kati ya ukingo wa kichwa cha kapitati, mfupa mkubwa wa safu ya pili, na ukingo wa ncha ya skafoidi iliyo upande wa vidole. Ukitoka nje ya nafasi hiyo, mkono umezunguka, na pembe yoyote utakayochora ni ya kubuni. Mkono pia unyooke. Ukikunjwa kidogo tu kuelekea mgongoni au kiganjani, lunati inafuata.

Picha zikiwa sawa, kuna mambo manne ya kutazama. Kwanza ni matao matatu ambayo mtaalamu wa eksirei Gilula aliyaeleza mwaka 1979: moja linafuata ukingo wa safu ya kwanza ulio upande wa kigasha, la pili linafuata ukingo wa safu hiyo hiyo ulio upande wa vidole, la tatu linafuata vichwa vya kapitati na jirani yake hamati. Tao likikatika au likiwa na ngazi, kuna kitu kimesogea. Lunati ambayo kwenye picha ya mbele imegeuka kuwa pembetatu badala ya umbo lake la pande nne imeinama au imetoka mahali pake, na hilo hukosewa sana kwenye vyumba vya dharura kwa sababu hakuna mfupa uliovunjika wa kuvuta jicho.

Pili ni nafasi kati ya skafoidi na lunati, inayopimwa katikati ya kiungo. Hadi milimita 2 ni kawaida. Ikizidi 3, shuku. Kiungo hiki hakikai sambamba kabisa na mwale ulionyooka, kwa hiyo kuinamisha bomba la eksirei kama digrii 10 kutoka upande wa ulna kuelekea radiasi hukifungua vizuri zaidi. Piga na mkono mwingine pia. Wapo watu wenye nafasi pana pande zote mbili tangu kuzaliwa, hasa wale ambao lunati na trikwetramu zao zimeungana kuwa mfupa mmoja, na hawana jeraha lolote.

Tatu ni pete ya skafoidi. Skafoidi ikiinama kuelekea kiganjani, ncha yake inaonekana kwa kichwa na kuchora duara. Umbali kati ya duara hilo na mwisho wa mfupa upande wa kigasha ukishuka chini ya milimita 7, mfupa umeinama kupita kiasi. Ila mkono uliopindishwa kuelekea kidole gumba unaleta pete hiyo hiyo bila jeraha.

Nne, pembe kati ya skafoidi na lunati kwenye picha ya ubavu. Kawaida ni digrii 30 hadi 60. Ikipita 70 na lunati ikitazama mgongoni, huo ndio mkao ambao madaktari wa upasuaji Linscheid na Dobyns waliuita DISI mwaka 1972, na SL ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ikishuka chini ya 30 na lunati ikitazama kiganjani ni VISI, na hapo unaanza kufikiria LT. Kati ya 60 na 70 usiandike hukumu. Linganisha na mkono wa pili.

Sasa, hata yote haya yakiwa safi, SL inaweza kuwa imekatika. Skafoidi ina vishikizo vingine, kama ligamenti ya mgongoni inayounganisha trikwetramu, skafoidi na trapezoidi, na zile za chini zinazoifunga na trapeziamu (trapezoidi na trapeziamu ni mifupa ya safu ya pili). Mpaka navyo vilegee, mifupa inabaki mahali pake mkono ukiwa umepumzika. Kwa hiyo mtwishe mzigo. Picha ya ngumi ni rahisi: mikono yote miwili kwenye sahani moja, viganja chini, kila ngumi imekamata penseli kwa nguvu. Misuli inavuta kapitati kuelekea kigasha, nayo inasukuma skafoidi na lunati ziachane. Kosa la kawaida ni mgonjwa kushika penseli kwa upole kwa sababu anaumia. Picha inatoka nzuri na haina faida. Mwambie akaze hadi uone kano zimesimama mgongoni mwa mkono, kisha ndipo upige.

Ngumi ya kukaza kiganja kikiwa chini ina kazi nyingine pia: inaongeza urefu wa ulna ukilinganisha na radiasi, mara nyingine kwa milimita 1 au 2. Mtu mwenye maumivu upande wa kidole kidogo ambaye ulna yake iko sawa akiwa amepumzika anaweza kuonyesha ulna ndefu akikaza. Bila picha hiyo, chanzo cha diski kusagika kinabaki kitendawili.

Altrasaundi, kwa ufupi

Kwa transdusa ya megahezi 15 na kuendelea, kipande cha mgongoni cha SL kinaonekana vizuri, na unaweza kumwambia mgonjwa akaze ngumi huku ukitazama mifupa ikiachana. Ni nzuri pia kwa kano ya ECU: mgonjwa anageuza kiganja juu na kupinda mkono kuelekea kidole kidogo, nawe unaona kama kano inaruka kutoka kwenye mfereji wake. Uvimbe wa ganglioni mgongoni mwa mkono mara nyingi umeota kutoka kwenye SL, na mkia wake unaweza kufuatwa hadi hapo. Gegedu na diski ya TFCC kwa undani, hapana. Mfupa unazuia.

MRI: mkao, koili na unene wa mkato

Mahali pazuri pa kifundo ndani ya sumaku ni katikati kabisa, ambako uga ni tulivu. Kufika hapo mgonjwa analala kifudifudi, mkono umenyooshwa mbele juu ya kichwa. Picha zinatoka safi, lakini bega linauma baada ya dakika 15 au 20, na mtu anayeumia anatikisika. Njia nyingine ni kulala chali, mkono ubavuni. Mgonjwa anatulia, ila kifundo kiko ukingoni mwa sumaku, na hapo njia ya kawaida ya kuzima mafuta kwa kuchagua masafa huanza kushindwa: kona moja ya picha inang'aa na msomaji asiye makini anaandika "uvimbe wa uboho". Mkono ukiwa ubavuni tumia Dixon au STIR, njia nyingine za kuzima mafuta, msogeze mgonjwa kando ya meza kadiri inavyowezekana ili kifundo kikaribie katikati, na ubane koili kwa mito.

Koili, yaani kipokezi cha mawimbi kinachozunguka mkono, iwe ya kifundo, yenye chaneli nyingi. Koili ya goti au ile inayofunikwa tu juu ya mkono haitoshi. Eneo la picha liwe sentimita 8 hadi 10, pikseli ya milimita 0.3 au chini yake, na mikato ya koronali (inayoonyesha mkono kama unavyoonekana kwa mbele) isizidi milimita 2. Ukienda milimita 3 na pengo katikati, ligamenti nzima inaweza kuangukia kwenye mkato mmoja uliochanganyika na mfupa wa jirani. Tesla 3 inasaidia kweli kwa kifundo, kwa sababu inakuruhusu kupunguza unene wa mkato bila picha kujaa chembechembe. Lakini tesla 1.5 yenye koili sahihi hushinda tesla 3 yenye koili mbovu.

Kwa seti ya msingi ningechukua koronali T1 kwa ajili ya uboho na mifupa. Koronali, aksiali (ya kukata mkono kwa upana) na sajitali (ya ubavu) za msongamano wa protoni zilizozimwa mafuta. Na mfuatano mmoja wa pande tatu wenye vipande vya milimita 0.5 hivi, unaoweza kukatwa upya kwa pembe yoyote. Mikato ya koronali ipangwe juu ya picha ya aksiali, sambamba na mstari unaopita mgongoni mwa radiasi na ulna, na ifunike kuanzia kano za mgongoni hadi pisifomu. Aksiali ianzie juu ya kiungo cha radiasi na ulna na ishuke hadi mwanzo wa mifupa ya kiganja. Fundi akianza chini ya hapo, kiungo hicho kinakosa mikato miwili muhimu.

Mwendo mdogo hauonekani kila mara kama ukungu. Wakati mwingine ni mistari hafifu inayopita juu ya diski na kufanana na mpasuko. Tazama ukingo wa ngozi: ukiwa maradufu, usiamini kilichomo ndani. Nyuzi zilizolala digrii 55 kwa uga wa sumaku pia hung'aa pasipo jeraha kwenye mifuatano yenye muda mfupi wa mwangwi, na kano ya ECU ni mhanga wa kila siku. Ikiwa mng'ao umetoweka kwenye T2 yenye mwangwi mrefu, ulikuwa wa pembe.

Kuna mtego mwingine unaopaswa kubandikwa ukutani. Kwenye sumaku mkono mara nyingi umepinda kidogo kuelekea kidole kidogo, na mkao huo peke yake huifanya lunati itazame mgongoni. Msomaji anaandika DISI. Vivyo hivyo, mgonjwa aliyelala kifudifudi na kiganja chini anaonyesha kichwa cha ulna kikiwa kimepanda mgongoni, na hapo inaandikwa kwamba kiungo kimeteguka. Pembe zipimwe kwenye eksirei. Uthabiti wa kiungo cha radiasi na ulna upimwe kwa CT ya mikono yote miwili, viganja vikiwa chini, katikati, kisha juu, ukilinganisha mkato kwa mkato.

Kusoma SL na LT

Wengi huitafuta SL kwenye koronali. Hapo kinachoonekana vizuri ni utando, kipande kisicho na kazi kubwa, na mara nyingi umeshikamana na gegedu badala ya mfupa, kwa hiyo mwanzo wake una mng'ao wa kijivu unaofanana na kupasuka. Kipande cha mgongoni kisomwe kwenye aksiali: ukanda mweusi, mnene, unaoruka kutoka skafoidi hadi lunati. Ukiona maji angavu yamepita ukanda wote, au ukanda umejivuta na kuacha mfupa uchi, umekatika. Ukionekana mnene, wa kijivu na wenye kingo zisizoeleweka wiki chache baada ya kuanguka, andika jeraha la sehemu na utaje umeng'oka upande gani. Mara nyingi ni skafoidi.

Cha upande wa kiganja kina mistari kiasili. Usikihukumu kwa hilo.

LT ni nyembamba na MRI huikosa mara nyingi kuliko SL. Nikiona maumivu ya upande wa kidole kidogo, mwelekeo wa VISI na LT "ya kawaida" kwenye mikato ya milimita 3, sihesabu kama jibu.

TFCC na mitego yake

Diski ni nyeusi kwenye mifuatano yote. Unene wake unategemea ulna: ulna ndefu, diski nyembamba, ulna fupi, diski nene. Katikati haina mishipa ya damu, ilhali ukingo wa nje unayo, na ndiyo sababu tundu la katikati husafishwa na mpasuko wa pembeni hushonwa. Daktari wa upasuaji Palmer aliyagawa majeraha haya mwaka 1989 katika daraja la 1, ya kuumia, na daraja la 2, ya kuchakaa. Katika la kwanza, A ni tundu la katikati, B ni kung'oka upande wa ulna, C ni kung'oka kuelekea mifupa ya kifundo, D ni kung'oka upande wa radiasi. Mgawanyo huu unatumika bado, ingawa B imegeuka kuwa kapu la mambo mawili tofauti.

Upande wa ulna, TFCC inajishikiza kwa miguu miwili. Mmoja unashika ncha ya stiloidi. Mwingine, wa ndani zaidi, unashika kishimo kilicho chini ya stiloidi, na huu ndio unaoshikilia kiungo cha radiasi na ulna kisitegukeane. Kati ya miguu hiyo kuna tishu laini yenye mishipa ambayo hung'aa kwa kila mtu. Huo ndio mtego wa kwanza: mng'ao kati ya miguu miwili si mpasuko. Mpasuko wa kishimo ni mng'ao wa maji unaogusa mfupa wa kishimo chenyewe, ukiinua nyuzi kutoka hapo, na uonekane kwenye mikato angalau miwili inayofuatana. Mfupa chini yake ukiwa umevimba, au stiloidi ikiwa imevunjika kuanzia shinani, shaka inapungua.

Upande wa radiasi diski inashika gegedu, si mfupa, na gegedu ni ya kijivu angavu. Mstari huo mwembamba ulionyooka hukosewa kuwa daraja 1D. Ukifika mpaka wa juu na wa chini wa diski ukiwa na mwangaza sawa na maji, hapo una jambo. Ukiwa na mwangaza sawa na gegedu ya jirani, achana nao. Mfuko mdogo wa maji mbele ya stiloidi ni wa kawaida. Na kiungo kikuu cha kifundo huwasiliana na kile cha pisifomu na trikwetramu kwa watu wengi, kwa hiyo maji huko si ushahidi wa kitu.

Sindano: athrografi

Ukitaka kujua kama kipande kimepitisha maji, weka maji: athrografi ni kupiga picha baada ya kuchoma dawa ya kuonyesha ndani ya kiungo. Kifundo kina vyumba vitatu vikuu ambavyo katika mtu mzima wa afya havipitishani: cha radiasi na safu ya kwanza, cha katikati ya safu mbili, na cha radiasi na ulna.

Kwa chumba cha kwanza, mkono unalazwa juu ya mto mdogo, umekunjwa kidogo kuelekea kiganjani. Sindano ya geji 25 inaingia mgongoni, juu ya ncha ya skafoidi iliyo upande wa kigasha, mbali na SL yenyewe. Ukichoma kwenye SL umejitengenezea tundu la kuripoti. Mdomo wa radiasi unaning'inia mgongoni, hivyo sindano iingie chini kidogo ya kiungo na ielekee kwenye kiwiko. Ikielekezwa wima inagonga mfupa. Mililita 2 hadi 3 zinatosha. Cha radiasi na ulna kinachukua 1 hadi 1.5. Ukihisi ukinzani, acha. Ukilazimisha, dawa inatoka kwenye kifuko na kumwagika kwenye tishu, na picha nzima inachafuka.

Dawa ikikimbia kwa mstari mwembamba kufuata kano badala ya kutapakaa kuzunguka mifupa, uko ndani ya ala ya kano. Toa, anza tena. Toa na hewa kwenye bomba kabla ya kuchoma, kwa sababu kiputo cheusi kwenye MRI kinafanana na kipande cha gegedu kilichong'oka. Tofauti ni kwamba kiputo huelea upande wa juu.

Kwa MRI, gadolini, dawa inayong'arisha picha, iwe imezimuliwa hadi takriban milimoli 2 kwa lita: mililita 0.1 ya dawa ya kawaida ndani ya 20 za maji ya chumvi inakukaribisha hapo. Ikiwa nzito mno, kiungo kinageuka cheusi badala ya kung'aa. Na usitumie STIR baada yake, kwa kuwa inaweza kuzima gadolini pamoja na mafuta. Mgonjwa afike kwenye sumaku ndani ya dakika 30 au 45, kabla dawa haijanyonywa.

Piga picha za mfululizo chini ya fluoroskopi, eksirei inayoonyesha mwendo, dawa inapoingia. Ikishajaa chumba cha katikati huwezi tena kujua imepitia SL au LT. Mipasuko mingine ina ulimi unaofunga kama vali na kupitisha upande mmoja tu, na mpasuko wa kishimo unatazama kiungo cha radiasi na ulna. Kuingiza dawa kwenye chumba cha kwanza peke yake kunaukosa. Kama swali ni kishimo, choma chumba cha radiasi na ulna kwanza.

Gegedu

Hapa MRI inapwaya, nami nisingependa kumpa mtu matumaini ya uongo. Gegedu mbili zilizogusana, kila moja chini ya milimita 1, kwenye pikseli ya milimita 0.3: una pikseli tatu kwa kila gegedu za kuamua kama kuna ufa. CT yenye dawa ya iodini ndani ya kiungo hushinda. Mikato ya milimita 0.5 au 0.6, iodini ikizimuliwa isiwe nyeupe kupita mfupa, mkono juu ya kichwa nje ya kiwiliwili, na skani inakwisha kwa sekunde chache. Dawa ikiingia kwenye ufa inaonekana kama mstari mweupe ndani ya gegedu, na unaweza kusema kama umefika mfupani. Kwa mgonjwa mwenye skrubu karibu na kifundo, au asiyeweza kutulia, sioni sababu ya kuanza na MRI. Inachokosa CT ni uvimbe wa uboho.

Na uboho huo ndio njia ya MRI ya kuzunguka udhaifu wake: ambako gegedu imekwisha, mfupa chini yake mara nyingi unavimba. Mahali pa uvimbe panataja chanzo. Ulna ndefu inayogonga huacha alama kwenye kona ya lunati iliyo upande wa ulna, jirani na kigasha, mara nyingine kwenye trikwetramu na kichwa cha ulna pia, na diski katikati imetoboka. Ugonjwa wa Kienböck, ambapo lunati hukosa damu, huchukua lunati yote au upande wake wa radiasi, ukiwa mweusi kwenye T1. Kifuko cha ganglioni ndani ya lunati hukaa pale SL inaposhikia. Makosa kati ya haya matatu yana gharama, kwa sababu upasuaji wake haufanani.

Usisahau ncha ya hamati. Kwa watu wengi lunati ina uso wa pili mdogo unaogusana na hamati, na gegedu ya hapo husagika. Koronali nyembamba inaonyesha kijishimo na uvimbe mdogo juu ya hamati, mahali ambapo macho hayaendi yakishaona tundu kwenye TFCC.

SL iliyoachwa huharibu gegedu kwa mpangilio. Madaktari Watson na Ballet waliueleza mwaka 1984: kwanza kati ya stiloidi ya radiasi na skafoidi, kisha kiungo chote cha radiasi na skafoidi, halafu kati ya kapitati na lunati. Kiungo cha radiasi na lunati kwa kawaida kinabaki. Hilo litajwe kwenye ripoti, kwa kuwa kama gegedu ya hapo na ya kichwa cha kapitati ni nzima, daktari ana chaguo ambazo vinginevyo hana. Kuondoa safu nzima ya kwanza, kwa mfano, kunategemea kichwa cha kapitati kuwa kizuri.

Kwenye fomu

Daktari anayeomba kipimo aandike upande wa maumivu (kidole gumba, katikati, kidole kidogo), mgongoni au kiganjani, tarehe ya kuumia na namna mkono ulivyoangukiwa, na matokeo ya vipimo vya mkono: skafoidi iliruka ilipobanwa huku mkono ukipindishwa, au kishimo cha ulna kiliuma kilipobonyezwa. Aandike na swali moja. "Je, kipande cha mgongoni cha SL kimekatika?" kinapangiwa mikato tofauti na "Je, mguu wa kishimo wa TFCC umeng'oka?" Na eksirei za mikono yote miwili ziambatane na ombi. Athroskopi, kuingiza kamera ndogo ndani ya kiungo, ambayo bado ndiyo kipimo cha kulinganishia vingine na ambayo daraja 4 za Geissler za majeraha ya ligamenti, za mwaka 1996, hutumika ndani yake, isipangwe na mtu ambaye hajaona picha ya ngumi.